Manju wa Ushetu huchota wapi nyimbo zake?

Wiki hii, ndugu msomaji, nataka tuzungumzie swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na vijana wanaojifunza muziki. Bila shaka hata wewe umewahi kujiuliza swali hilo, ukiwa ndani ya daladala na redio ya dereva inapiga wimbo unaokugusa moyo. Swali lenyewe ni fupi: mtunzi wa nyimbo huzitoa wapi?

Wengi huamini kwamba nyimbo hushuka tu. Yaani mtunzi hukaa peke yake mahali penye upepo mzuri, hufumba macho, na mara maneno na sauti vikamjia vikiwa tayari vimeiva. Imani hiyo inapendeza, lakini ina hasara zake. Kijana akikaa studio siku tatu bila kupata kitu, hujiona hana kipaji. Akitoka hapo huchukua mdundo wa Nigeria au wa Afrika Kusini, akaubandika maneno ya Kiswahili, na kazi ikaisha. Ukimuuliza kulikoni, hujibu kwamba kichwa kiligoma.

Mimi nasema wimbo hautoki hewani. Wimbo huchotwa, na visima vyake vinajulikana. Ili nieleze hayo sitakupeleka Dar es Salaam, ambako kila mwenye maikrofoni hujiita msanii. Nitakupeleka Ushetu.

Kwa wasioijua, Ushetu ni halmashauri iliyomo katika Wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, na makao yake makuu yako Nyamilangano. Ni nchi ya miombo, mahindi, mpunga na tumbaku. Kaskazini yake umelala ukanda wa dhahabu: Bulyanhulu, ambako mgodi mkubwa ulianza kazi mwaka 2001, Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021, na mbele zaidi Geita. Wenyeji wake ni Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma, watu ambao lugha zao zinakaribiana kama nyumba za ndugu. Katika nchi hiyo mtunzi na mwongoza nyimbo za ngoma huitwa manju, na Wasukuma pia humwita ningi.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba manju ni mtu wa kazi. Si mtu wa kungoja. Yeye ni mkulima kama jirani zake. Mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka naye yumo shambani, na tumbaku inapokauka banini naye anachochea moto usiku. Lakini juu ya kazi hiyo ana kazi nyingine, nayo ina tarehe zake. Katika msimu wa kilimo hutakiwa kuwa na nyimbo za kulimia. Mavuno yakiisha, kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, hutakiwa kuwa na nyimbo mpya za kuchezea ngoma za mashindano. Harusi ikitokea aitwe, msiba wa mtu mashuhuri ukitokea aitwe, na mgeni wa serikali akija aitwe pia. Mtu wa namna hiyo akisema kichwa kimegoma, mwakani ataitwa mwingine.

Hebu basi tuvitazame visima vyenyewe, kimoja kimoja.

Kisima cha kwanza ni kazi. Katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi kilimo cha jembe la mkono kilikuwa kazi ya kikundi. Vijana husimama mstari mmoja, majembe hupanda pamoja na kushuka pamoja, na mbele au pembeni yao husimama mpiga ngoma na manju. Huo ndio mzizi wa bugobogobo, ngoma ambayo watu wa mjini huiona jukwaani, wachezaji wakirusha majembe juu na kuyazungusha. Wengi hudhani jembe lile ni pambo tu. La hasha! Jembe ndilo lililotunga ngoma ile.

Fikiri jinsi inavyokwenda. Jembe linapopanda, mkulima huvuta pumzi, na huo ndio wakati wa manju kutoa mstari wake. Jembe linaposhuka, pumzi hutoka, na hapo kundi hupokea kwa kiitikio. Kwa hiyo urefu wa mstari wa wimbo haukupimwa na mwalimu wa muziki, umepimwa na mkono na kifua cha mtu anayelima. Manju akiharakisha mno, watu huchoka kabla jua halijafika utosini. Akipunguza mno, mstari hulala na wavivu hujificha. Manju hodari husoma migongo ya watu, akajua wakati wa kuchombeza utani ili waliochoka wacheke, na wakati wa kuwataja kwa majina wale wanaoongoza. Wimbo ukishindwa shambani hutupwa siku hiyo hiyo. Ni studio gani inayotoa majibu ya haraka namna hiyo?

Wala si jembe peke yake. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasumbwa walikuwa wapagazi na wafanyabiashara wakubwa wa nchi hii. Walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kurudi na vitambaa na bidhaa nyingine, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi, mwendo wa miezi. Mzigo huo haubebwi kimya. Wasumbwa walifika mbali zaidi, hadi Katanga. Mmoja wao, Msiri, alijenga huko ufalme wake makao yakiwa Bunkeya, akatawala hadi alipouawa na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwezi Desemba 1891. Watu wake walijulikana kama Bayeke, jina ambalo linahusishwa na Bayege, chama cha wawindaji wa tembo cha huku kwetu. Chama hicho kilikuwa na nyimbo zake, kama vile Bayeye wenye kucheza na nyoka walivyo na zao, na Banunguli wawinda nungunungu wana zao. Kila kazi na nyimbo zake.

Kisima cha pili ni habari. Manju ni gazeti la kijiji. Nani kauza ng'ombe wa mahari kisiri, nani kakimbia deni la pembejeo, mwenyekiti gani kala fedha za kikundi, bei ya tumbaku imepandaje au imeshukaje, yote hayo huingia katika wimbo. Na habari kubwa za nchi huingia vile vile. Mtafiti wa Marekani, Frank Gunderson, alichapisha mwaka 2010 kitabu kinene chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300. Ukikifungua utadhani unasoma historia ya Tanzania ikisimuliwa na wakulima wenyewe: safari za wapagazi, uwindaji, ukoloni, pamba na ushirika wake, siasa za uhuru.

Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe wenye silaha walipozidi, wananchi wa Kahama na maeneo ya jirani waliunda jeshi lao la jadi la Sungusungu. Hapo pia nyimbo zilikuwa na kazi. Ukipigwa mwano, ule ukelele wa hatari, kila mwanamume hutoka na silaha yake. Lakini mwano huita tu. Anayemfanya mtu abaki porini usiku kucha akifuata nyayo za ng'ombe wa jirani, wala si wake, ni wimbo unaomwambia kwamba kurudi nyuma ni aibu.

Usidhani kwamba kuchota habari ni tabia ya bara peke yake. Siti binti Saad wa Zanzibar, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri na kuwa mwimbaji wa kike wa kwanza wa Afrika Mashariki kuvuma kwa njia hiyo, alifanya kazi hiyo hiyo. Mojawapo ya nyimbo zake mashuhuri inahusu mtu aliyeitwa Kijiti, aliyemwua mwanamke mgeni kutoka bara akatoroka, na mahakama ikawafunga wanawake waliokuwa naye. Mji mzima ulijua kwamba haki haikutendeka. Siti hakuwa hakimu wala mwandishi wa gazeti, lakini hukumu yake ndiyo inayokumbukwa hadi leo, wakati jina la hakimu limekwisha sahauliwa na wengi.

Kisima cha tatu ni ushindani, na hapa ndipo pepo za wanamuziki hupanda hasa. Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu. Kila kimoja kina waasisi wake wa zamani, mitindo yake na dawa zake, na mtu huingia katika kimoja na kukitetea maisha yake yote. Baada ya mavuno, vyama hivyo hukutana uwanjani. Kila upande hupiga ngoma yake kwa wakati mmoja, na watazamaji hutembea huku na huku hadi mwishowe wamekusanyika upande mmoja. Upande wenye watu wengi ndio mshindi. Hakuna kura wala kadi za majaji. Miguu ya watu ndiyo inayopiga kura.

Sasa jiweke katika nafasi ya manju. Unajua kwamba mwezi Julai utasimama mbele ya mpinzani ambaye mwaka jana alikucheka mbele ya wakwe zako. Unajua ana sauti nzuri kuliko yako. Je, utangoja wimbo ushuke? Huwezi. Utaamka nao na kulala nao. Utatafuta neno litakalomchoma, mzaha utakaowafanya watu wakimbie upande wako, na mchezo mpya ambao hawajawahi kuuona. Bugobogobo na michezo mingine mingi imepata vionjo vyake kutokana na vita hivyo vya kugombea macho ya watu.

Wapo watakaoniambia, "Bwana, mbona umesahau dawa? Mashindano yale hushindwa kwa dawa." Naam, dawa zipo, na kila chama kinazo za kuvuta watu. Sina nia ya kubishana na mtu juu ya imani yake. Nataka tu uangalie jambo moja. Hata yule mwenye dawa kali kuliko wote hathubutu kwenda uwanjani na wimbo wa mwaka jana. Huoga dawa yake, kisha hutunga. Kama dawa ingetosha, kutunga kungekuwa kwa nini?

Dar es Salaam nayo imelijua jambo hili. Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978 na kuchukua baadhi ya wanamuziki mahiri wa bendi nyingine, ushindani wa Sikinde na Msondo uliwanoa wote wawili. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba pande zote mbili. Tukumbuke pia kwamba majina hayo mawili yenyewe hayakutoka Ulaya wala Kinshasa. Msondo na Sikinde ni ngoma za Uzaramoni. Bendi zenye magitaa ya umeme zilikwenda kuchota jina na mwendo kwa bibi zao. Na kabla ya hapo, Western Jazz iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, ilikuwa imekwisha onyesha kwamba mtu wa magharibi anaweza kufika Dar es Salaam na kuitikisa.

Kisima cha nne ni lugha, nacho ndicho kinachosahauliwa zaidi. Kisukuma, Kinyamwezi na Kisumbwa ni lugha za toni: neno hupanda na kushuka, na ukilipandisha mahali pasipo pake unaweza kusema neno jingine. Kwa hiyo manju anapotunga hawezi kuchukua sauti yoyote akaibandika neno lolote. Neno lenyewe huja na nusu ya sauti yake. Ukimsikiliza mzee akilalamika kwa Kisukuma juu ya mvua, tayari umesikia mwanzo wa wimbo. Kazi ya manju ni kuurefusha na kuupa kiitikio.

Ndiyo maana kijana wa studio anapochukua wimbo wa manju, akautafsiri kwa Kiswahili na kuacha sauti ile ile, mara nyingi wimbo huchechemea. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, kina mkazo wake katika silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti iliyokatwa kwa mwili wa lugha moja haimkai vizuri mwingine. Asiyelijua hilo husema wimbo wa asili haufai kwa muziki wa kisasa. Kosa si la wimbo, ni la fundi.

Kisima cha tano ni usiku. Ukiwauliza mamanju wenyewe, wengi hawatakuambia habari za jembe wala toni. Watakuambia, "Wimbo huu niliota." Wengine watataja babu au manju wa zamani aliyewatokea ndotoni na kuwaimbia. Watu wa mjini husikia hayo na kutabasamu. Mimi sitabasamu, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya kawaida. Mtu aliyeshinda na mstari mmoja kichwani kuanzia alfajiri, mkono ukilima na mdomo ukijaribu, haachi kazi hiyo anapolala. Akili huendelea kupanga. Ndoto humjia aliyefanya kazi. Sijapata kusikia manju aliyeota wimbo bila kwanza kuutafuta akiwa macho.

Sababu ya pili ni ya heshima. Manju anaposema wimbo huu nilipewa na babu, anasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba yeye hakuanza muziki, amepokea kijiti, na kwamba wimbo huo una mwenyewe, usiuguse ovyo. Kwa lugha ya mahakama tungesema ametaja chanzo na amedai haki. Hapo ndipo ninapofika katika jambo lililonifanya nizungumze habari hizi juma hili.

Visima hivi vinabadilika. Jembe la kukokotwa na maksai na, kwa wenye uwezo, trekta vimeondoa ule mstari wa vijana hamsini shambani, na hakuna mtu mwenye akili atakayewaomba wakulima warudie kuumwa mgongo ili sisi tupate nyimbo. Vijana wengi wako machimboni, Kakola na Nyarugusu na kwingineko, si mashambani. Simu ya mkononi imempa kila mchunga ng'ombe muziki wa dunia nzima. Hayo yote si msiba. Kinyume chake, manju wa leo ana kisima ambacho babu yake hakukijua. Mchimbaji aliyepata dhahabu Jumatatu na kufilisika Ijumaa ni wimbo. Kijana aliyeaga mkewe kwa siku tatu na kukaa miaka mitatu ni wimbo. Mji wa Kahama, uliokua kwa kasi ya ajabu, umejaa watu waliotoka vijijini na wenye fedha kidogo ya kumwita manju sherehe zinapofika. Kazi ya kulima kwa mstari ikipungua, ngoma ya jukwaani na video za simu zimempa uwanja mwingine.

Msiba uko kwingine. Uko katika neno moja dogo tunalolitumia bila kufikiri: "wimbo wa asili". Tukisikia wimbo wa Kisukuma, uwe wa mwaka 1930 au wa mwezi uliopita, tunasema ni wa asili. Na wa asili, kwa mawazo ya wengi, maana yake hauna mwenyewe. Kwa hiyo mtu hufika na kinasa sauti au simu, akarekodi uwanjani, akarudi mjini akaweka ngoma za kompyuta, akaandika jina lake. Mmoja wa mamanju niliozungumza nao ana dai la namna hiyo hiyo. Wimbo wake umechezwa katika kumbi, naye aliusikia kwa mara ya kwanza kutoka katika spika ya duka la simu. Kwa kuwa dai lake halijasikilizwa popote, jina lake na la huyo aliyerekodi nayaacha. Lakini maneno yake nayakumbuka: "Baba, hawakuiba sauti tu. Walikata mahali nilipojitaja."

Maneno hayo yanataka maelezo. Katika utunzi wa Kisukuma ni desturi manju kujitaja ndani ya wimbo: mimi mwana wa fulani, wa kijiji fulani. Msikilizaji wa mjini hudhani ni majivuno. Kumbe ile ndiyo sahihi yake. Manju hana karatasi ya kuandika jina juu yake, kwa hiyo huliandika ndani ya sauti. Anayelikata hafupishi wimbo. Anafuta hatimiliki.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imetenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Kwanza kuna kazi ya mtunzi. Hiyo hulindwa kwa sababu tu imetungwa. Haihitaji kwanza kuandikishwa ili iwe mali ya mwenyewe, na ulinzi wake huendelea maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria haisemi mtunzi lazima awe na studio, wala kwamba lazima aimbe Kiswahili. Manju aliyetunga wimbo mwezi uliopita ni mtunzi sawasawa na yeyote wa Dar es Salaam.

Pili kuna sanaa za jadi, yaani zile zilizopokewa kizazi hadi kizazi na ambazo kweli ni za jamii nzima. Hata hizo si jalala la kila mpita njia. Sheria hiyo hiyo inataka anayezitumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya asili, apate kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, na ataje jamii au mahali zilikotoka. Kwa hiyo upande wowote utakaosimama, mtu wa kuulizwa yupo. Hakuna wimbo usio na mlango wa kubisha hodi.

Tatizo ni kwamba sheria inakaa mbali na Ushetu. COSOTA, iliyoanza kama chama cha hakimiliki na sasa ni Ofisi ya Hakimiliki, inajulikana na wasanii wa mijini, lakini manju wa Ulowa au Bulungwa anahitaji mtu wa kumwongoza. Hapo ndipo maofisa utamaduni wetu wa halmashauri wana kazi. Siku za mashindano ya ngoma wao huwapo, tena huketi mbele. Wakiwa na daftari na simu moja wanaweza kurekodi wimbo, kuandika jina la manju, kijiji chake na tarehe, na siku ushahidi utakapohitajika utakuwapo. Hugh Tracey alipita nchini mwetu mwaka 1950 na mashine nzito kuliko kabati, na sauti alizonasa zinasikika hadi leo. Sisi wenye mashine za kuingia mfukoni tunashindwa na nini?

Nimalizie kwa vijana walioniuliza swali. Sikuambii uhamie Ushetu, wala usitupe kompyuta yako. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alifika na ilimba na zeze lake katika majukwaa makubwa ya Ulaya, na hakuna aliyemwambia ni mshamba. Alichofanya ni kukijua kisima chake hadi chini. Nawe jiulize: kazi gani ninaijua kwa mwili wangu? Ni fundi gereji, kondakta, muuza mitumba? Mdundo wa kazi hiyo uko wapi? Ni habari gani ya mtaani kwetu ambayo kila mtu anainong'ona na hakuna aliyeiimba? Ni mpinzani gani ananinyima usingizi? Lugha ya mama yangu inapanda wapi na kushuka wapi? Ukijibu hayo manne, la tano, yaani ndoto, litakuja lenyewe.

Na ukienda kuchota katika kisima cha mwenzio, nenda kama mgeni mwenye adabu. Mwamkie "Mwangaluka", keti, mwulize wimbo ni wa nani, mkubaliane juu ya malipo, na pale alipojitaja uache jina lake lisikike. Wimbo wako hautapungua kitu. Utakuwa umeongeza sauti ya mtu mmoja, na huyo mwakani atakutungia mwingine.

Kwako wewe msomaji usiyetunga wala kuimba, kazi yako ni ndogo lakini ina nguvu kuliko unavyodhani, kwa maana katika muziki kama katika uwanja wa Bagika na Bagalu, miguu ya watu ndiyo inayopiga kura. Unaposikia wimbo uliojengwa juu ya sauti ya kijijini, uliza: huyu anayeimba nyuma ni nani, na analipwa? Wakiuliza watu kumi, mwenye studio atacheka. Wakiuliza elfu moja, atatafuta njia ya kwenda Nyamilangano.

Hadi juma lijalo, nawatakia kazi njema.